Familia iliyoogopa deni yabaini ilikuwa ikikopa kila msimu

UKIMUULIZA mkulima wa kahawa katika vijiji vya Mkoa wa Kagera kama ana deni, mara nyingi atajibu hana. Ukimuuliza kama ameuza butura mwaka huu, atanyamaza kidogo kwanza. Yeye huyaona kuwa maswali mawili tofauti, kumbe ni swali moja.

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu. Mnunuzi hutoa fedha mwezi wa kwanza au wa pili, wakati ghala halina kitu na watoto wanarudi shule, kisha huja kuchukua kahawa yake mavuno yakianza. Hakuna fomu wala riba inayotajwa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo kwa miaka mingi na viongozi wamekuwa wakitoa onyo msimu baada ya msimu, lakini haijafa, kwa sababu shida ya Februari haiwezi kungoja bei ya Julai.

Familia moja ya Wilaya ya Missenyi, iliyoomba isitajwe jina kwa kuwa mambo ya deni ni siri ya nyumbani, iliuza butura kwa zaidi ya miaka kumi huku ikijisifu kwamba haijawahi kukopa. Ina kibanja cha ekari mbili chenye migomba, kahawa ya robusta na maharage kati ya mistari. Baba, aliyevuka miaka 60, anajulikana kwa kubana matumizi. Sabuni ya mche hukatwa vipande na kutolewa kimoja kwa wiki. Sukari ilikuwa ya wageni. Sare ya mtoto wa kwanza ilivaliwa na wadogo zake wawili, na daftari la madeni la duka la jirani halijawahi kuandikwa jina lake.

Hofu yake ya deni ilikuwa na chanzo. Anasimulia kwamba baba yake aliwahi kukatwa fedha za kahawa kulipia dawa za shamba ambazo, kwa maelezo yake, hazikufika kwa wakati. Tangu hapo nyumba nzima ikashika msemo wa kukopa harusi, kulipa matanga. Mtoto aliyekopa hata kalamu alirudishwa kuipeleka siku hiyo hiyo.

Lakini fedha ya mkulima wa kahawa huja mara moja kwa mwaka, na matumizi hayana msimu. Hata baada ya ada ya sekondari za Serikali hadi kidato cha nne kufutwa kuanzia Januari 2016, sare, daftari, godoro na sanduku la bweni havikufutwa. Kila Januari mzee alihesabu miti, akamwita mnunuzi, akapokea fedha taslimu na kwenda zake akiwa na amani. Kwa mawazo yake alikuwa ameuza mali, hakukopa.

Chukua mfano wa hesabu rahisi. Mnunuzi wa butura anatoa Sh600 kwa kilo ya maganda mwezi Februari, na msimu ukifunguliwa mwezi Julai kilo hiyo inalipwa Sh1,200. Kwa kilo 100 mkulima amepokea Sh60,000, na baada ya miezi mitano ametoa kahawa yenye thamani ya Sh120,000. Zile Sh60,000 za juu ndizo riba, nazo ni sawa na asilimia 20 kwa mwezi. Kama angekopa Sh60,000 hizo kwenye SACCOS kwa riba ya asilimia mbili kwa mwezi, baada ya miezi mitano angelipa Sh66,000, na Sh54,000 zingebaki mfukoni mwake. Hizo zinanunua sukari nyingi kuliko ile iliyokuwa ikibaniwa. Bei ikipanda, pengo linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu anayefaidi kupanda kwa bei ni yule aliyetoa fedha Februari.

Ni kweli mnunuzi naye hubeba hatari. Mvua inaweza kugoma, maua yakapukutika, au mkulima akauza mara mbili kwa watu tofauti. Hata hivyo wanunuzi wengi wa butura hudai kilo zilizokubaliwa, zipatikane au zisipatikane, na upungufu huhamia msimu unaofuata. Hapo mkulima anaanza mwaka akiwa tayari anadaiwa kahawa ambayo haijatoa hata ua.

Mabadiliko katika familia hiyo yaliletwa na mama. Mwaka 2009 alijiunga na kikoba cha wanawake wa kitongoji chao bila kumwambia mumewe. Mtindo huo wa vikundi una asili yake nchini Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991, na ulienea Tanzania miaka ya 2000. Wanachama hununua hisa kila wiki, fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo zake hushikwa na watu tofauti. Mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na mwisho wa mwaka faida hugawanywa. Mama alinunua hisa kwa fedha za ndizi na, msimu wa senene ukifika, kwa fedha za senene. Kwa miaka saba hakukopa zaidi ya Sh50,000, naye alirudisha kabla mzee hajajua.

Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera, likaua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi Missenyi na Bukoba. Katika nyumba hii jiko lilianguka na ukuta wa chumba kimoja ukapasuka kuanzia juu hadi chini. Mzee aliamua kuuza ng'ombe mwenye mimba. Ulikuwa uamuzi wa mtu asiyetaka deni, lakini kibanja cha Kagera bila samadi hakidumu. Migomba hukonda, na kahawa iliyo chini yake hufuata.

Mama ndipo akasema. Alikuwa na hisa za Sh150,000 na angeweza kupata Sh450,000, alipe Sh495,000 kabla ya kikundi kuvunja mzunguko mwezi Desemba. Mzee alikaa siku nne bila kuzungumza naye, na kilichomuuma zaidi ni ile miaka saba ya kufichwa. Siku ya tano alikwenda kumwita fundi. Mkopo ulilipwa kwa ndizi, senene na fedha kidogo alizotuma binti yao. Ng'ombe alizaa, na riba ya Sh45,000, anavyokiri mzee mwenyewe, ilikuwa ndogo kuliko bei ya ndama.

Binti huyo ni mwalimu, na ndiye aliyemfundisha baba yake kusoma deni. Alisoma chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Nyumbani mkopo ule ulihesabiwa kuwa msaada wa Serikali hadi makato yalipoanza kuonekana kwenye hati ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa na makato yakawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wakati huo deni lenyewe likiongezwa asilimia sita kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha, tozo iliyofutwa mwaka 2021. Alipokuja likizo, aliweka hati yake mezani na kumwonyesha baba yake mstari kwa mstari: alichokopa, kilichoongezwa na kilichobaki. Kisha akamwomba aeleze butura kwa namna hiyo hiyo. Mzee hakuweza, kwa kuwa hapakuwa na karatasi, na kila bei ilikuwa ya mdomo.

Msimu uliofuata alijiunga na SACCOS na kuacha butura. Si kwamba mambo yalinyooka mara moja. Malipo ya kahawa kupitia chama cha msingi yaliwahi kuchelewa, na alilazimika kuomba wiki tatu za nyongeza kwa watu ambao hakuwafahamu vizuri. Kwa mtu wa namna yake hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko riba. Wanaopigia debe mikopo rasmi wakumbuke hilo: mkulima akicheleweshewa fedha zake, mnunuzi wa butura hahitaji tangazo.

Na wanaojiunga wasione aibu kuuliza maswali. Hesabu za chama cha ushirika hukaguliwa na shirika la ukaguzi, COASCO, na mwanachama ana haki ya kusomewa taarifa hiyo kwenye mkutano mkuu. Uongozi unaokwepa kuisoma umeshajibu.

Mtoto wa kiume aliipeleka familia upande mwingine kabisa. Anaendesha bodaboda mjini Bukoba, na pikipiki yake ya kwanza aliichukua kwa mkataba: Sh8,000 kila siku kwa miezi 14, kisha inakuwa yake. Ni zaidi ya Sh3.3 milioni kama hakukosa siku hata moja, kwa chombo ambacho angekipata kwa fedha pungufu sana kama angekuwa nazo mkononi. Hata hivyo mkataba ule ulimfaa, kwa kuwa ulifuata mapato yake ya kila siku. Tatizo lilianza kwenye simu. Mikopo ya simu ilifika Tanzania mwaka 2014 na huduma kama M-Pawa, na kijana aliizoea kama watu wanavyozoea vocha. Mwaka 2023 alihamia kwenye programu isiyo na leseni iliyompa Sh80,000 na kumtaka alipe baada ya siku saba.

Alipochelewa, ujumbe ulitumwa kwa watu waliokuwa kwenye orodha ya namba zake. Mmoja wao alikuwa baba yake. Mzee aliyekataa kuandikwa dukani maisha yake yote alisoma kwenye simu yake kwamba mwanawe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kwa kijana huyo tangazo lilichelewa. Alikuwa amelipa karibu mara tatu ya alichochukua.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne: benki, kampuni zisizopokea amana, SACCOS na vikundi vya kijamii. Kwa kampuni za daraja la pili, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayetoza asilimia 30 kwa mwezi huku akishikilia kadi ya benki ya mteja, wale ambao mikopo yao mitaani huitwa kausha damu, yuko nje ya utaratibu huo. Hata mwenye leseni anaweza kuficha gharama kwenye ada ya fomu na ada ya uchakataji, kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: nikichukua kiasi hiki leo, nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na lini?

Katika nyumba ya Missenyi swali hilo sasa huulizwa mbele ya wote. Hakuna anayekopa bila kuwaambia wengine. Sukari bado ni ya kupimwa.

Mjadala ulio mezani ni wa miti. Mnyauko wa mibuni umeua takriban mibuni 60 kati ya 300. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilitoa mwaka 2011 aina za robusta zinazostahimili ugonjwa huo, na mzee anataka kung'oa na kupanda upya. Mche mpya huchukua miaka miwili hadi mitatu kuanza kutoa mazao ya maana, ilhali mkopo wanaoweza kuupata unatakiwa kurudishwa ndani ya miezi 12. Akiuchukua, atalipia mibuni ambayo bado haijazaa, na huenda akarudi kwenye butura ili kulipa SACCOS. Benki moja iko tayari kutoa muda mrefu zaidi, lakini inataka dhamana, na kibanja ni ardhi ya ukoo. Ndugu zake wawili wamekataa kuweka sahihi.

Safari hii anayetaka kukopa ni mzee, na mama ndiye anayekataa. Anataka wapande miche 20 kila mvua kwa fedha zao, hata kama kazi itachukua miaka miwili. Ishirini ya kwanza ilipandwa masika. Mashimo mengine 20 yamechimbwa na kujazwa samadi, yanasubiri vuli, na mzee bado anazungumza na ndugu zake.