Sikukuu za Watu wa Kaskazini ya Ulaya

Zamani, kabla ya watu wa Norwe, Uswidi, Denmark na Iceland kuingia katika dini ya Kikristo, walikuwa na miungu yao. Wakubwa wa miungu hao walikuwa Odin, Thor na Frey. Sikukuu zao zilifuata majira, na mtu atakaye kuzifahamu sharti kwanza aifahamu baridi ya nchi zile.

Mwaka wao ulikuwa na nusu mbili tu, nusu ya joto na nusu ya baridi. Wakati wa baridi ardhi huganda na majani hayaoti. Huko Trondheim, katika Norwe, jua la mwisho wa Desemba huonekana kwa muda wa saa nne na kitu tu, kisha giza. Ng'ombe na kondoo walikaa zizini wakila majani yaliyokatwa na kukaushwa. Majani yakiisha kabla ya baridi, mifugo hufa. Na mifugo ikifa, watu nao huona njaa.

Kwa hiyo sikukuu ya kwanza ilikuwa katikati ya Oktoba, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani. Mifugo isiyoweza kulishwa mpaka Aprili ilichinjwa, na sadaka ikatolewa ili mwaka uwe mwema.

Sikukuu ya pili iliitwa Jul, nayo ilikuwa katikati ya baridi. Wakulima walikusanyika, kila mtu na chakula chake na pombe yake ya shayiri. Walichinja wanyama, hata farasi. Damu ikanyunyizwa kutani na juu ya watu, na nyama ikatokoswa katika masufuria yaliyotundikwa juu ya moto. Pembe ya kwanza ilinywewa kwa jina la Odin, ili mfalme ashinde. Kisha kwa Njord na Frey, ili pawe na mavuno na amani. Baadaye waliwakumbuka jamaa zao waliokufa.

Mambo haya yaliandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland karibu mwaka 1230. Yeye alikuwa Mkristo, na sadaka zile zilikuwa zimeachwa zamani. Basi maneno yake yapasa kusomwa kwa hadhari. Lakini ndiye atupaye kisa cha mfalme Haakon.

Haakon alilelewa Uingereza kwa mfalme Athelstan, akawa Mkristo. Aliporudi kutawala Norwe, karibu mwaka 934, hakuthubutu kuifuta Jul. Aliamuru tu ianze siku moja na Krismasi, na kila mtu atengeneze pombe ya kipimo kilichowekwa, au alipe faini. Hata leo watu wa Norwe, Uswidi na Denmark huiita Krismasi kwa jina la Jul.

Lakini alipowataka wakulima wa Trondheim waache sadaka, walikataa. Kwao halikuwa jambo la mzaha: mfalme asipotoa sadaka, mavuno yatatoka wapi? Katika sikukuu ya mwanzo wa baridi huko Lade, Haakon aliifanyia pembe ishara ya msalaba. Watu wakanung'unika. Mkuu mmoja, Sigurd, rafiki yake, akasema upesi ya kuwa mfalme amefanya ishara ya nyundo ya Thor. Kesho yake wakamtaka ale nyama ya farasi. Akakataa, wakawa tayari kumshambulia. Sigurd akawapatanisha: mfalme akauzungushia utambo wa sufuria kitambaa cha kitani, akafunua kinywa juu yake. Hakuna aliyeridhika, si mfalme wala wakulima. Wakati wa Jul, huko Mære, walimshurutisha mpaka akala vipande vya ini la farasi.

Sikukuu ya tatu ilikuwa mwezi wa Aprili, kuomba ushindi, kwa kuwa ndipo merikebu zilipoanza kusafiri na kupigana.

Watu wa Iceland waliihesabu miezi kwa uangalifu. Mwaka wao ulikuwa na juma 52, yaani siku 364, hata wakaona majira yao hayapatani tena na jua. Katika karne ya 10 mtu mmoja, Thorsteinn, akawashauri waongeze juma moja kila mwaka wa saba, nao wakakubali. Siku ya kwanza ya majira ya joto bado ni sikukuu huko, Alhamisi moja kati ya tarehe 19 na 25 Aprili, ingawa mara nyingine theluji huwa ingali inaanguka.