Bei ya jina: Mbio za baiskeli zilizopita shamba kwa shamba la mvinyo

Tour de France, mbio kubwa kuliko zote za baiskeli duniani, zilianzishwa mwaka 1903 kama mbinu ya biashara. Gazeti la michezo la L'Auto la mjini Paris lilikuwa likiuza nakala zipatazo 25,000 na lilikuwa likizidiwa na mshindani wake. Baada ya mbio za kwanza mauzo yalipanda hadi nakala 65,000. Tangu wakati huo mbio hizo hazijaacha kuwa duka linalotembea. Miji hulipa ili msafara uanzie au uishie kwao, na makampuni hulipa ili majina yao yaonekane kwenye jezi na kwenye magari yanayotangulia waendesha baiskeli.

Mbio za mwaka 2024, zilizoanza Juni 29 mjini Florence, Italia na kumalizika Julai 21 mjini Nice, Ufaransa, zilipita katika baadhi ya maeneo maarufu kuliko yote kwa kilimo cha zabibu za mvinyo. Safu hii inafuata njia hiyo. Katika kila kituo tunaweka mezani chupa moja na chakula kinachoandamana nayo. Msomaji asiyetumia kileo hana sababu ya kufungua ukurasa mwingine, kwa kuwa swali ni lile lile analojiuliza mnunuzi wa kahawa au karafuu: mteja analipia bidhaa, au analipia jina la mahali ilikotoka?

Italia: Mipaka ya mwaka 1716

Florence ni mji mkuu wa Tuscany, nyumbani kwa mvinyo wa Chianti. Mwaka 1716 mtawala wa huko, Cosimo III, alitoa amri iliyotaja mipaka ya maeneo ambayo mvinyo wake ungeruhusiwa kuitwa Chianti. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Jina likishapata soko nje, kila jirani hutaka kulitumia, na mteja akidanganywa mara mbili hupunguza bei kwa wote.

Hatua ya tatu ya mbio, kilomita 230 kutoka Piacenza hadi Turin, ilipanda kilima cha Barbaresco, ambacho kimetoa jina kwa mvinyo mwekundu wa zabibu za Nebbiolo. Sheria inataka Barbaresco ukae miezi 26 kabla ya kuuzwa, na miezi tisa kati ya hiyo uwe ndani ya pipa la mbao. Jirani yake, Barolo, hukaa miezi 38. Mfanyabiashara ataona mara moja maana yake: mtaji umelala pishini zaidi ya miaka miwili bila kuingiza senti. Mkulima asiye na akiba wala benki ya kumsubiri hawezi biashara hiyo, na ndiyo sababu moja ya chupa yake kuwa ghali.

Mvinyo huu ni mkali na hukausha ulimi, hivyo unataka nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa moto mdogo hadi ikalainika, au tambi za mayai zenye siagi.

Aliyeshinda siku hiyo mjini Turin alikuwa Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Alishinda nyingine mbili na kumaliza mbio akiwa na jezi ya kijani. Zawadi ya kila hatua ni euro 11,000 na ya jezi ya kijani ni euro 25,000, na kwa desturi fedha hizo hugawanywa kwa timu nzima. Kumbuka hesabu hiyo tukiingia Burgundy.

Burgundy: Kilomita 25 za ardhi ya dhahabu

Hatua ya saba, Julai 5, ilikuwa ya kila mtu kukimbia peke yake dhidi ya saa, kilomita 25.3 kutoka Nuits-Saint-Georges hadi Gevrey-Chambertin. Mshindi alikuwa Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyemzidi Tadej Pogačar kwa sekunde 12.

Majina ya miji hiyo miwili yenyewe ni somo la biashara. Gevrey kilikuwa kijiji tu. Mwaka 1847 kilijiongezea jina la shamba lake maarufu la Chambertin, na Nuits wakafanya hivyo hivyo mwaka 1892 kwa kuchukua jina la shamba la Saint-Georges. Tangu hapo hata chupa ya kawaida ya kijijini inabeba sehemu ya sifa ya shamba lile kubwa.

Burgundy hupanga mvinyo wake kwa madaraja manne: wa mkoa mzima, wa kijiji, wa mashamba ya daraja la kwanza, na juu kabisa wa mashamba makuu, ambayo ni 33 tu katika Burgundy nzima. Gevrey peke yake inayo tisa. Zabibu nyekundu ni zile zile za Pinot Noir, na hali ya hewa ni moja. Mkulima wa upande mmoja wa njia anaweza kuuza chupa kwa bei ya mlo wa kawaida, na wa upande wa pili kwa mshahara wa mwezi.

Kati ya miji hiyo kuna kijiji cha Vosne-Romanée, na ndani yake shamba la Romanée-Conti lenye ukubwa wa hekta 1.8, yaani pungufu ya ekari tano. Oktoba 2018, mjini New York, chupa moja ya shamba hilo ya mwaka 1945 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 558,000. Kwa viwango vya fedha vya wakati huo, kiasi hicho kinakaribia euro 500,000 anazopewa mshindi wa jumla wa Tour de France kwa wiki tatu za jasho.

Hata hivyo ardhi ya thamani ina matatizo yake. Shamba la Clos de Vougeot, lililo jirani, lina hekta 50 na wamiliki wapatao 80, matokeo ya kuuza na kurithishana vipande kwa zaidi ya miaka mia moja. Jina ni moja, lakini mikono ni mingi. Mnunuzi anayesoma jina la shamba bila kusoma jina la mtengenezaji anaweza kulipa bei ya juu kwa kazi ya mvivu.

Hapa chakula ni kile cha mkoa: nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ndani ya mvinyo huo huo pamoja na uyoga na vitunguu.

Champagne: Jina lililopiganiwa

Julai 7 msafara ulikuwa Troyes, katika wilaya ya Aube, kwa hatua ya kilomita 199. Kilomita 32 zilikuwa za barabara za changarawe nyeupe, na baadhi yake zilipita kandokando ya mizabibu. Mshindi alikuwa Mfaransa Anthony Turgis.

Leo Aube ni sehemu halali ya Champagne, lakini haikuwa hivyo daima. Serikali ilipochora mipaka mwaka 1908, Aube iliachwa nje. Mwaka 1911 wakulima wake waliingia mitaani kwa maelfu, wakati wenzao wa Marne, waliokuwa ndani ya mipaka, walifanya ghasia zao kupinga zabibu za nje zilizoingizwa kwa jina la Champagne. Aube ilikubaliwa kikamilifu mwaka 1927. Mstari kwenye ramani ulikuwa ndiyo tofauti kati ya kuuza zabibu kwa bei nzuri na kuziuza kwa bei ya kutupa.

Jina hilo hulindwa kwa ukali hadi leo. Mwaka 1993 mahakama ya Paris iliizuia kampuni ya Yves Saint Laurent kuuza manukato yaliyoitwa Champagne. Lakini ulinzi wa jina hauzuii soko kupoa. Mwaka 2022 chupa zilizosafirishwa zilikuwa zipatazo milioni 325. Mwaka 2023 zilishuka hadi milioni 299, na mwaka 2024 hadi milioni 271. Shampeni ya kawaida lazima ikae miezi 15 kabla ya kuuzwa, kwa hiyo anayejaza chupa leo anabahatisha soko la mwaka ujao na zaidi.

Mezani, jibini laini la Chaource, linalotokana na mji wa jina hilo huko huko Aube, hukaa vizuri na shampeni, kwa sababu povu na uchachu hukata mafuta ya jibini.

Kusini-magharibi: Mbegu iliyohama

Hatua ya 12 iliishia Villeneuve-sur-Lot, na Girmay akashinda kwa mara ya tatu. Ukipandisha mto Lot kuelekea mashariki unafika Cahors, kwenye mvinyo wa rangi nzito utokanao na zabibu za Malbec. Bata aliyekaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake ndiye mwenzake wa asili.

Katika karne ya 19 miche ya Malbec ilipelekwa Argentina na kustawi chini ya milima ya Andes. Leo wanywaji wengi duniani wakisikia Malbec hufikiria Argentina. Cahors haina la kufanya, kwa kuwa sheria hulinda jina la mahali, siyo jina la aina ya zabibu. Anayejenga biashara yake juu ya jina la mbegu ajue kwamba mbegu husafiri.

Gruissan: Upande wa pili wa mizani

Julai 16 waendesha baiskeli waliondoka Gruissan, kwenye pwani ya wilaya ya Aude, kuelekea Nîmes. Mvinyo wa hapo, La Clape, ulipata hadhi ya jina lake lenyewe mwaka 2015. Mweupe wake hunywewa na chaza na samaki wa kuchoma. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kusini hii imekuwa ikiuza mvinyo wa wingi, usio na jina, kwa bei ya lita.

Hapa ndipo uchungu wa biashara hii unapoonekana. Mwaka 1907 wakulima wa kusini waliandamana kwa mamia ya maelfu kupinga mvinyo bandia uliotengenezwa kwa sukari na maji, na askari wakaua watu mjini Narbonne, jirani na Gruissan. Aprili 2016, karibu na mpaka wa Hispania, wakulima walisimamisha malori ya mvinyo wa bei rahisi kutoka nchi hiyo na kumwaga barabarani lita zipatazo 70,000.

Mwaka huo huo waliigeukia Tour de France yenyewe. Waandaaji walikuwa wamemkubali mfadhili kutoka Chile, kampuni ya mvinyo ya Cono Sur. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1991, iitwayo Évin, hubana matangazo ya vileo, kwa hiyo jina la Wachile lilitangazwa nje ya Ufaransa. Wakulima wa Aude waliona mbio zinapita mbele ya milango yao zikimtangaza mshindani, na wakatishia kuzizuia. Hatua ya Carcassonne iliondoka salama Julai 13, 2016. Nafasi ya pili siku hiyo ilikwenda kwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyetwaa ubingwa wa jumla mwaka huo.

Hali haikutengemaa. Wafaransa wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo zaidi kila mwaka. Mwaka 2023 serikali ilitenga euro milioni 200 kugharamia kugeuza mvinyo uliokosa soko kuwa spiriti ya viwandani. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliidhinisha mpango wa euro milioni 120 wa kuwalipa wakulima wa Ufaransa euro 4,000 kwa kila hekta ya mizabibu watakayoing'oa moja kwa moja. Nchi ni moja na zao ni moja, lakini kuna hekta isiyouzwa kwa fedha yoyote na kuna hekta inayolipiwa ili ife.

Kwa mwekezaji na mfanyabiashara

Wako mawakala wanaowashawishi wawekezaji wadogo kununua mvinyo wa kifahari kama wanavyonunua hisa. Ni vyema kukumbuka kwamba chupa haitoi gawio. Inadai pishi, bima na ushahidi wa ilikotoka, na mnunuzi wa mwisho ni mmoja mmoja. Fahirisi za Liv-ex, soko la London linalofuatilia bei hizo, zilianza kushuka kuelekea mwisho wa 2022 na kufunga chini mwaka 2023 na 2024. Aliyeingia kileleni kwa mkopo aliumia.

Somo kubwa zaidi ni kwa anayeuza mazao. Nchini Japani, kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, huruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ikiwa imelimwa Mbinga. Hilo linasaidia mauzo leo, lakini Mbinga haijengi jina lake. Dodoma nayo huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Burgundy haiwezi, lakini mkulima anayeuza zabibu au mchuzi wake kwa kiwanda bila jina la kijiji yuko kwenye kundi la Aude, siyo la Gevrey.

Jina hujengwa kwa mipaka inayokubalika, viwango vinavyokaguliwa na mtaji wa kusubiri. Vikundi na vyama vya ushirika vinavyofikiria kuongeza ekari vianze kwa kuuliza nani atanunua mavuno, na kwa jina gani. Kupanda mche ni rahisi. Wafaransa wamelazimika kulipana euro 4,000 kwa hekta ili kuung'oa.