Íñigo halina moto

Tangu filamu ya The Princess Bride ya mwaka 1987 imtambulishe Inigo Montoya na upanga wake, swali ni lile lile: "Íñigo ndilo Ignacio, na maana yake ni moto, sivyo?" Sivyo. Nimechoka kulijibu mdomoni, sasa naliandika.

Wanaoshikilia moto husema hivi: moto kwa Kilatini ni ignis, Ignatius, yaani Ignacio la Kihispania, linafanana nalo, Mtakatifu Ignatius wa Loyola alibatizwa Íñigo, basi Íñigo ni moto. Mnyororo huo haushiki.

Ignatius limetoka kwenye Egnatius, jina la ukoo la Italia ya kale. Gellius Egnatius aliongoza Wasamniti dhidi ya Roma akauawa Sentinum mwaka 295 K.K. Tahajia ilivutwa baadaye tu ili ifanane na ignis. Akina Ignas na Inyasi wa kwetu wanaojinadi kuwa moto wapunguze kidogo.

Íñigo lenyewe wala si la Kilatini. Ni Eneko la Wabaski lililovaa Kihispania, na wataalamu wengi hulifasiri "mdogo wangu", jina la kumdekeza mtoto. Íñigo Arista alitawala Pamplona katika karne ya 9, zaidi ya miaka mia sita kabla ya Loyola kuzaliwa.

Na huyo Loyola? Alizaliwa Azpeitia, nchi ya Wabaski, mwaka 1491, akaanza kutumia Ignatius ukubwani, enzi za masomo yake Paris. Kama majina ni mamoja, alibadili nini? Hata Kanisa limewatenga: Íñigo, abate wa Oña, huadhimishwa 1 Juni, Inyasi wa Loyola, 31 Julai.

Jina ni fupi, la kale, la kifalme, na hata Hispania halijazagaa. Hayo hayatoshi mpaka liwashwe moto?

Kwa wazazi, haraka haraka. Tamka Í-nyi-go, mkazo mwanzoni, si katikati kama Kiswahili kinavyokushawishi. Andika alama zote mbili. Fomu ikizikataa, Inigo inatosha, kama alivyoandikwa Inigo Jones, msanifu majengo wa Uingereza. Somo wake ni abate wa Oña. Unataka Kibaski kitupu? Eneko. Unamtaka Loyola? Ignacio, au Iñaki kwa Wabaski. Na anayeng'ang'ania moto amwite mwanawe Serafín: hilo mzizi wake wa Kiebrania ni kuungua kweli.