UGANDA: Goti Bovu la Mfanyakazi Kijana

Katika mashamba ya miwa ya Busoga tulimkuta ndugu mmoja mwenye umri wa miaka 36 ambaye hawezi tena kuchuchumaa. Aliumia goti miaka 12 iliyopita akiichezea timu ya mpira ya kiwanda. Likavimba, likakandwa kwa maji ya moto, naye akarudi kukata miwa. Leo mguu umepinda kama upinde na usiku halali. Anauliza swali ambalo wengi wenu huliuliza: je, si niwekewe goti la bandia, yaishe?

Jibu si rahisi. Goti la bandia ni chuma na plastiki, na plastiki hulika. Kwa mzee aendaye polepole hudumu. Kwa kijana abebaye mizigo huchakaa mapema. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa waliowekewa goti wakiwa wamepita miaka 70, kama 5 tu katika kila 100 hulazimika kubadilishiwa maishani. Kwa wanaume wa miaka 50 hadi 54 ni kama 35 katika kila 100. Na operesheni ya pili ni ngumu na ghali kuliko ya kwanza.

Iko njia nyingine, ambayo wafanyakazi wengi hawaambiwi. Ikiwa gegedu imelika upande mmoja tu wa goti, daktari wa mifupa aweza kuukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, akaunyoosha na kuufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Hapo uzito wa mwili huhamia upande ulio mzima. Daktari Mark Coventry wa Marekani aliieleza njia hii tangu 1965. Mgonjwa hubaki na goti lake mwenyewe, na wengi hupata miaka 10 au zaidi kabla ya kuhitaji la bandia. Haifai kwa goti lililolika pande zote, wala kwa baridi yabisi ya viungo vingi, ambayo ina dawa zake. Tena mfupa huchukua miezi kuunga, na kwa mvuta sigara huchelewa zaidi. Nani atalisha watoto miezi hiyo? Swali hilo liulizwe kabla ya kisu, si baada yake.

Lakini kuosha goti kwa bomba dogo, msiuzie ng'ombe. Huko Houston mwaka 2002 wagonjwa waliochanjwa ngozi tu walipata nafuu sawa na waliooshwa.

Kwanza kabisa huja mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza unene, na mkongojo ushikwe mkono wa upande usiouma. Vidonge kama diklofenaki vikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo.

Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 yataka mwajiri aarifiwe ajali ya kazini ndani ya mwezi mmoja. Ndugu yetu hana hata karatasi moja ya siku aliyoumia, na mpira si miwa, atasema mwajiri. Katibu wa tawi ameandika barua kuomba ahamishiwe kwenye mizani, akae kitini. Tulipoondoka jibu lilikuwa halijaja.