Nani Mwenye Wimbo?



Siku chache baada ya Maulidi ya madrasa yetu mwaka jana, alinijia mama mmoja wa jamii yetu ambaye, kwa kumhifadhia heshima yake, sitamtaja jina. Mama huyu ni mtunzi. Kasida waliyoisoma mabinti zetu usiku ule ilikuwa yake, beti 12 za kumsifu Mtume (S.A.W.), na wala hakudai malipo, wala hakutaka kutajwa mbele ya watu. Siku aliyonijia alikuwa ameshika simu ya mwanawe. "Mwalimu, hebu sikiliza." Nikasikiliza. Sauti zilikuwa ni za mabinti wale wale, na maneno ni yale yale, lakini picha zilizofuatana nayo zilikuwa za mazulia yanayouzwa kwa nusu bei. Mtu aliyehudhuria aliwarekodi wale watoto, mwenye duka akaipata sauti, akaitia katika tangazo lake.

Nilimwuliza kama anataka kudai fedha. Akanijibu, "Fedha sizitaki, mwalimu. Nataka waiondoe. Sikuitungia mazulia."

Nilimwahidi kwamba nitaitazama sheria inasemaje. Katika kutazama huko nilikumbana tena na kisa cha wimbo ambao hapana shaka kila mtoto wa humu majumbani mwetu anaujua, wimbo wa simba aliyelala, uliomo katika ile filamu ya The Lion King iliyotoka mwaka 1994. Nakisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinafundisha namna wimbo unavyotoka mkononi mwa mwenyewe, na jinsi ulivyo mgumu kurudi. (Suala la hukumu ya muziki na ala zake siligusi, masheikh wetu wamelieleza, na kila mtu ana lake la kufuata. Haki ya mtu kudhulumiwa ni jambo jingine.)

Wimbo ule asili yake si Marekani. Ulitungwa na Mzulu aitwaye Solomon Linda, na jina lake lilikuwa "Mbube", yaani simba kwa Kizulu. Aliurekodi mwaka 1939 katika studio ya kampuni ya Gallo, mjini Johannesburg, pamoja na wenziwe wa kikundi cha Original Evening Birds. Yasemekana kwamba yale mahadhi mashuhuri ambayo leo yanapigwa miluzi duniani kote, Linda aliyabuni papo kwa papo waliporudia kuimba mara ya tatu. Santuri ile ilipendwa mno, na inakisiwa kwamba ziliuzwa kiasi cha 100,000. Linda mwenyewe aliuza haki zake kwa kampuni kwa shilingi 10. Hakujua kusoma wala kuandika, na riziki yake aliipata kwa kufungasha santuri katika ghala la kampuni hiyo hiyo.

Santuri moja ilifika Marekani, ikaangukia mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger. Hakuyasikia vizuri maneno. Palipoimbwa "uyimbube", yaani wewe ni simba, yeye alisikia "wimoweh", na kwa jina hilo kikundi chake cha The Weavers kikautoa, ukavuma mwaka 1952. Penye jina la mtunzi paliandikwa "Paul Campbell", mtu ambaye hakuwako duniani. Ilikuwa ni lakabu tu iliyotumiwa kukusanyia mapato. Kwa insafu niseme kwamba Seeger alimpelekea Linda hundi ya dola 1,000, na baadaye alijutia kwamba hakulifuatilia jambo lile ipasavyo. Mwaka 1961 vijana wa The Tokens waliuimba kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka uliofuata Linda alifariki dunia maskini. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila ya jiwe la kumtambulisha.

Ilipotoka filamu ya simba, na baada yake mchezo wa jukwaani wa mwaka 1997, binti zake walikuwa wakiishi maisha ya dhiki huko Soweto. Mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliifichua habari hii mwaka 2000 katika gazeti la Rolling Stone, akakisia kwamba kwa The Lion King peke yake wimbo ule ungestahiki kumletea mtunzi wake dola milioni 15.

Je, pangekuwa na njia? Linda alikwisha kuuza, na baada yake mjane wake na mabinti nao walitiishwa saini katika karatasi nyingine. Hapo ndipo wakili mmoja, Owen Dean, alipokifukua kifungu katika sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni yake. Kifungu kile kilisema kwamba hata kama mtunzi aliiuza haki yake uhaini mwake, miaka 25 baada ya kufa kwake haki ile itarejea katika mirathi yake. Linda alifariki mwaka 1962. Kwa hiyo tangu 1987 wimbo ulikuwa umekwisha kurudi kwa warithi, na wenyewe hawana habari.

Kampuni ya Disney haikuwa na makao Afrika Kusini, basi itashitakiwaje huko? Wakili aliomba mahakama izuie mali yake iliyokuwako nchini, nayo ni alama zake za biashara, miongoni mwao Mickey Mouse na Donald Duck. Mahakama ya Pretoria ikakubali, mwaka 2004. Yule panya mwenye masikio makubwa akawekwa rehani kwa ajili ya watoto wa mfungashaji wa santuri! Serikali ya Afrika Kusini ilisaidia gharama za kesi, na mwezi wa Februari 2006 pande zote zilipatana. Warithi walilipwa mrabaha wa nyuma, na, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko fedha, ilikubaliwa kwamba wimbo wa simba umetokana na "Mbube", na Solomon Linda aandikwe kuwa mmoja wa watunzi wake.

Kwetu sisi Waswahili mfano hauko mbali. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M, na hadi leo watu wanabishana kama aliyeutunga ni Fadhili William wa Kenya, aliyefariki mwaka 2001, ama Adam Salim wa Tanzania. Ubishi kama huu huzaliwa pale ambapo hapakuandikwa kitu siku ya kwanza. Nami nastaajabu, kwa kuwa wazee wetu hawakuwa hivyo. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye utendi mwaka 1275 wa Hijria, alilitia ndani yake jina lake, mji wake wa Pate na mwaka wa kutunga. Na ile aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi. Tena imemkumbuka hata yule asiyeweza kuandikisha mwenyewe, kwamba walii wake amsimamie kwa uadilifu. Linda hakuwa na wa kumsimamia.

Nirudi kwa mama yetu. Hapa Uingereza, sheria ya mwaka 1988 haimtaki mtunzi asajili popote. Kazi yake inahifadhiwa tangu inapowekwa katika maandishi au kurekodiwa, maisha yake yote na miaka 70 baada yake. Bila ya ruhusa yake haifai kuinakili wala kuitumia katika tangazo. Lakini haki ya kutajwa jina ina sharti lake: mtunzi lazima atamke kwa maandishi kwamba anaidai. Mstari mmoja chini ya shairi, wenye saini, unatosha. Mahadhi aliyoyatumia mama ni ya zamani, hayana mwenyewe, na hayo hawezi kumzuia mtu. Maneno ni yake. Na mabinti walioyasoma nao wana haki juu ya sauti zao, jambo ambalo baadhi ya wazazi hawakulijua mpaka nilipowaambia.

Hatukwenda mahakamani. Nilimwandikia mwenye duka barua ya adabu. Alikuja mwenyewe, Mwislamu mwenzetu, amefadhaika. Alidhani kasida ni kama maji ya mto, kila mtu huchota. Tangazo liliondolewa siku ile ile. Alimletea mama zulia, mama akalitoa kwa madrasa, nalo limetandikwa katika chumba cha watoto wadogo.

Mama ameniomba niyaandike hapa masharti yake. Nyumba yoyote inayotaka kuisoma kasida yake katika Maulidi, harusi au hitima, imepewa ruhusa bila ya malipo na isome. Anayetaka kuirekodi kwa kuuza, au kuitumia katika biashara ya aina yoyote, amwulize kwanza, na asione ajabu akikataliwa. Nakala zinapatikana kwa mwalimu wa madrasa kila Jumamosi. Tafadhali zitupeni zile za zamani zenye beti 12. Kasida sasa ina beti 13, na ubeti wa mwisho umetaja jina lake, jina la baba yake, na mwaka.