Jirani Aliyesomea Saikolojia

Ndugu wanavikundi, Kitengela tunao majirani waliokuja kama wakimbizi. Mwingine kwao alifundisha saikolojia, leo anauza mitumba. Je, anaweza kurudia kazi yake? Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetambuliwa kufanya kazi ya taaluma yake, mradi masomo yake yakubaliwe na mamlaka za Kenya. Hapo ndipo pagumu, maana nani hukimbia risasi akibeba vyeti? Tena atahitaji kibali cha kazi, daraja M, na sheria ya 2014 inamtaka mshauri nasaha ajisajili.

Lakini aliyepoteza nyumba humwelewa haraka mama wa Kajiado aliyefiwa na ng'ombe wote kwa ukame wa 2022. Basi msimtumie bure kila juma. Mchangieni nauli ya Nairobi, afuatilie karatasi zake.