Matone Yanayopima Akiba ya Chokaa

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, mchanga uliokwisha kupita mialoni, ambao wachimbaji huuita marudio, huloweshwa matangini kwa maji ya sianidi ili utoe dhahabu iliyosalia. Mwakitolyo, penye wachimbaji wadogo, pamo katika halmashauri moja na Samuye, na mgonjwa atokaye matangini huenda akafika kwanza kwenye kituo cha kijijini.

Usalama wa matangi hayo unategemea chokaa. Sianidi hutulia majini pH ikiwa juu ya 10. Ikishuka hadi 9.2, takribani nusu yake hugeuka sianidi ya haidrojeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, chini ya joto la mchana mwingi wa Shinyanga.

Karatasi ya pH huonyesha hali ya sasa tu. Haisemi ni chokaa kiasi gani kimesalia kupambana na mvua, hewa na mawe yenye salfaidi, vitu vinavyoila polepole. Akiba hiyo hupimwa kwa titresheni.

Mpimaji huchukua mililita 25 za maji yaliyochujwa, kwa pipeti yenye balbu, kamwe si kwa kuvuta kwa mdomo. Kwanza huifunga sianidi kwa nitrati ya fedha. Kisha hutia fenoftalini, maji yakawa ya waridi, na kudondosha asidi oksaliki kutoka kwenye bureti mpaka rangi itoweke. Ikiwa asidi ina moli 0.01 kwa lita na zimetumika mililita 5, hesabu ni 0.01 mara 5, gawanya kwa 25: moli 0.002 kwa lita, kwani molekuli moja ya asidi hiyo hutosheleza moja ya chokaa. Kwa gramu 74 kila moli, lita moja ina takribani gramu 0.15. Rangi ikishatoweka haionyeshi asidi iliyozidi, na asidi hiyo yaweza kufukuza gesi ndani ya chupa yenyewe. Kazi hii hutaka penye hewa ya kutosha.

Gesi huzuia seli kutumia oksijeni. Mgonjwa huumwa kichwa, huhema kwa kasi, hupata degedege, huzimia. Mhudumu humwondoa penye gesi bila yeye kuivuta, humvua nguo zilizolowa, hampulizii pumzi mdomoni. Dawa ni haidroksokobalamini au thayosalfeti ya sodiamu. Kituo kisicho nazo humpa oksijeni na kumpeleka hospitali bila kungoja majibu ya maabara.